Kupeleka mali na huduma za usafirishaji kwa Serikali: mwongozo kamili, kuanzia NeST (mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma) hadi fedha kuingia benki

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Tanzania mwenye uwezo wa kununua, kuhifadhi na kusafirisha mali, anayetaka Serikali iwe mteja wake. Anaweza kuwa na lori moja au kumi, au hana lori ila anajua kukodi. Wengi wa watu hawa hutumia nguvu zao zote kutafuta zabuni, na wakishaipata ndipo huanza kuuliza mzigo utafikaje. Mimi nasema geuza mpangilio huo. Kazi ya Serikali hupangwa kutoka mwisho kwenda mwanzo: unaanza na mlango wa stoo ya mpokeaji, unarudi barabarani, unarudi ghalani kwako, kisha kwa anayekuuzia, na bei unaiandika baada ya hapo. Kampuni nyingi ndogo zimeshinda zabuni zikafilisika kwa kuuruka mlango ule.

Mfahamu mteja kabla ya kumtafuta

Serikali si mteja mmoja. Halmashauri inayonunua madawati hainunui kama Bohari ya Dawa (MSD) inayosambaza dawa nchi nzima, wala kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unaohamisha mahindi kutoka Songea au Sumbawanga kwenda mikoa yenye upungufu.

Milango ya kawaida ya kuiuzia Serikali ni minne. Upo ununuzi wa moja kwa moja wa taasisi: wizara, halmashauri, chuo, hospitali. Upo mlango wa Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA), unaoingia mikataba maalumu na wazabuni wa vitu vinavyotumika kila siku, kisha taasisi huagiza kwa wazabuni hao kadiri zinavyohitaji. Ukiwa na mkataba huo una nafasi ya kuagizwa, lakini hujaagizwa. Usikimbilie kukopa fedha za kujaza ghala kwa sababu tu jina lako limo.

Mlango wa tatu uko kwenye afya. MSD imekuwapo tangu sheria yake ya 1993, na ndiyo bohari ambayo vituo vya afya vya umma huiendea kwanza. Ikiwa haina dawa au kifaa fulani, kituo hugeukia mfumo wa Mshitiri, unaojulikana pia kama Jazia, ulioanzia Dodoma 2014 na kuenea nchi nzima 2018. Chini ya mfumo huo msambazaji binafsi aliyechaguliwa kwa mkoa huziba pengo. Ni kazi nzuri kwa mwenye vibali vya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na uwezo wa kufikisha makasha machache kwenye zahanati nyingi.

Wa nne ni wa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ambao taasisi zinatakiwa kuwatengea asilimia 30 ya ununuzi. Kenya nayo ina mpango wa AGPO kwa asilimia hiyohiyo. Kikundi chenye sifa kisidharau mlango huu, na kisikubali kuwa kivuli cha mfanyabiashara mkubwa anayehitaji jina lao tu. Zabuni ikiharibika, atakayefungiwa ni kikundi.

Usajili

Ununuzi wa umma sasa unasimamiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024, na unafanyika ndani ya mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Jisajili humo ukiwa na TIN (namba ya mlipakodi), usajili wa BRELA (wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara), leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA. Mfumo unasomana na TRA na BRELA, hivyo taarifa zako zilingane kila mahali. Jina la kampuni lililoandikwa tofauti, au mkurugenzi aliyeondoka lakini bado yumo kwenye kumbukumbu za BRELA, litakukwamisha siku ya mwisho ya zabuni.

Chagua aina za biashara unazozimudu kweli. Msafirishaji awe na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kwa kila gari la mizigo la biashara na bima hai. Weka tarehe za mwisho za vyeti vyote kwenye kalenda ya simu, kikiwamo cha uthibitisho wa ulipaji kodi.

Nenda ukaone mlango

Tangazo limetoka, na mahali pa kupeleka pameandikwa "shule 16 ndani ya halmashauri". Kabla ya kugusa bei, pata orodha ya shule hizo kwa jina na kata. Kama haimo kwenye nyaraka, omba ufafanuzi kupitia NeST. Jibu litawafikia wazabuni wote na litakuwa sehemu ya zabuni. Jibu la mdomo kutoka kwa mtu unayemjua ofisini halitakulinda siku ya mgogoro.

Kisha zunguka, au tuma mtu wa kwenu anayeijua wilaya. Anachotafuta ni hiki: lori gani linafika, Fuso au kirikuu tu? Kuna daraja la mbao, mto unaojaa, kivuko? Geti la shule lina upana gani? Kuna stoo yenye mlango unaofungwa, au mali italala darasani? Anayepokea ni nani, na siku gani hayupo? Vijana wa kupakua wanapatikana kijijini kwa bei gani?

Majibu haya hubadilika kwa msimu. Masika ya Machi hadi Mei hufunga njia nyingi za Pwani na Kaskazini, na Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba ikaendelea hadi Aprili. Mzigo wa Kigoma au Tabora unaweza kupanda reli ya zamani ya kati, lakini kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimeharibiwa na mafuriko mara nyingi, kwa hiyo uwe na mpango wa lori pembeni. Kuna sehemu zimerahisika. Anayepeleka mali Sengerema na Geita kutoka Mwanza hasubiri tena kivuko cha Kigongo na Busisi, kwa kuwa daraja lilifunguliwa Juni 2025. Ukerewe, Ukara na Mafia bado ni za maji, na bei ya vyombo lazima iingie kwenye hesabu yako.

Soma masharti yanayouma

Nyaraka za zabuni ni ndefu. Zisome zote, lakini haya yasome mara mbili: mahali pa mwisho pa kupeleka, muda wa kupeleka na tarehe unaoanza kuhesabiwa, fidia ya ucheleweshaji na kiwango chake kwa siku au wiki, nani analipia upakuaji, dhamana ya zabuni au tamko lake, dhamana ya utendaji (ahadi ya benki kwamba utatimiza mkataba), na sharti la malipo. Angalia pia kama bei inaruhusiwa kubadilika. Mara nyingi kwa mkataba mfupi hairuhusiwi, hivyo kupanda kwa dizeli ni mzigo wako.

Hesabu ya bei

Hapa ndipo pa kukaa na karatasi. Chukua mfano wa seti 960 za viti na meza kwa shule 16, seti 60 kila shule. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka za kwako.

Mzabuni wa kwanza anafikiri kana kwamba mzigo unaishia makao makuu ya wilaya. Semi-trela tatu, kila moja shilingi 1,300,000 pamoja na vibarua, jumla 3,900,000. Hiyo ni kama shilingi 4,060 kwa seti.

Mzabuni wa pili ameona barabara. Semi haifiki shuleni. Fuso hubeba seti 120, yaani shule mbili kwa safari, kwa hiyo safari nane. Kila safari: kukodi 600,000, kupakia 60,000, kupakua shule mbili 80,000, posho, simu na ulinzi 60,000. Jumla 800,000, mara nane ni 6,400,000. Anaongeza 1,200,000 kwa kurudi shule alizokuta zimefungwa na kubadilisha viti vilivyovunjika njiani. Jumla 7,600,000, karibu shilingi 7,920 kwa seti.

Tofauti yao ni 3,700,000. Kama kila mmoja alitarajia faida ya shilingi 5,000 kwa seti, yaani 4,800,000 kwa zabuni nzima, yule wa kwanza ameshapoteza zaidi ya robo tatu ya faida kabla kiti cha kwanza hakijashushwa. Ndiye mara nyingi anayeshinda kwa bei ndogo, na ndiye anayeacha shule sita za mwisho bila viti. Watoto wakae chini kwa sababu mtu hakutembelea barabara! Jambo hili linaniuma.

Kwa hiyo gharama ya usafiri ihesabu kwa vituo vya kushushia kuliko kwa kilomita. Lori linalokwenda kilomita 400 na kushusha mara moja linaweza kuwa nafuu kuliko linalozunguka kilomita 120 na kushusha mara nane.

Juu ya hapo weka gharama ya kusubiri malipo. Ukikopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, kila mwezi wa kusubiri unakula 900,000. Miezi mitatu ni 2,700,000. Kama bei yako haimudu miezi mitatu, hiyo zabuni si yako kwa sasa.

Usisahau kodi. Serikali inapolipa mkazi hukata kodi ya zuio, yaani kodi inayozuiwa kwenye malipo yenyewe, asilimia 2 kwa bidhaa na asilimia 5 kwa huduma. Si hasara ukidai cheti cha zuio na kukitumia kwenye hesabu zako za mwaka, lakini fedha taslimu hupungua siku hiyo. Mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka unapaswa kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kuna mtego hapo: ukitoa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) mwezi Julai, VAT yake inatakiwa ifikapo tarehe 20 Agosti, hata kama halmashauri haijakulipa senti. Zungumza na mhasibu wako kabla ya kutoa risiti ya mkupuo mkubwa.

Mtaji na muda wa mwaka

Benki nyingi hukopesha kwa kuangalia LPO (hati ya mnunuzi ya kuagiza mali) au mkataba wa Serikali, na hutoa dhamana za zabuni na za utendaji. Jenga uhusiano na benki kabla hujashinda, kwa sababu dhamana ya utendaji huhitajika ndani ya siku chache baada ya barua ya tuzo.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni, na mnunuzi lazima awe na fedha zilizotengwa. Mzigo uliopokelewa Oktoba una muda wa kutosha wa kupita kila meza. Uliopokelewa wiki ya mwisho ya Juni unaweza kuvuka mwaka bila kulipwa, ukageuka deni la mzabuni linalosubiri uhakiki. Ushauri wangu ni mkali kidogo: LPO inayotoka Juni ikiwa na siku kumi za kupeleka vitu vinavyotengenezwa, fikiria sana kabla ya kuikubali. Na usipeleke kitu chochote bila LPO au mkataba uliosainiwa, hata ukiambiwa "lete, karatasi inafuata". Ofisa aliyekuambia hivyo akihamishwa, huna deni wala ushahidi.

Kununua na kukagua kabla ya kupakia

Kabla ya kuagiza kwa muuzaji wako, kaa naye mkiwa na maelezo ya kitaalamu ya zabuni, mstari kwa mstari. Unene wa bomba, aina ya mbao, nembo ya TBS (Shirika la Viwango), tarehe ya mwisho wa matumizi. Chukua sampuli, na ikiwezekana mwombe Ofisa Ununuzi aiangalie na kusaini kwamba ameiona. Kisha kagua mzigo wote kwako. Kasoro inayorekebishwa ghalani kwako ni kazi ya saa moja. Ikigunduliwa Tandahimba ni safari nzima ya kurudi.

Saruji ni mfano mzuri. Mfuko ni kilo 50, na mifuko 600 ni tani 30. Uipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ifunikwe turubai zima lisilotoboka. Ikipata unyevu huganda, na kamati itaikataa kwa haki. Chanjo na baadhi ya dawa zinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi njia nzima, na kipimajoto kinachorekodi. Bila kumbukumbu ya joto, hata dawa nzima inaweza kukataliwa.

Barabarani

Mipaka ya uzito inafuata sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 1 Machi 2019. Uzito wa juu wa gari na mzigo ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake: ya mbele tani 8, moja ya nyuma yenye matairi manne tani 10, mbili zilizopangana tani 18, tatu zilizopangana tani 24. Lori linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado likakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umerundikwa mbele. Mpe dereva muda wa kupanga vizuri, na mzigo wa kushusha kwanza uwe karibu na mlango wa nyuma.

Dereva apewe bahasha ya safari: nakala ya LPO, ankara, risiti ya EFD pale inapotakiwa, deliva noti (hati za kukabidhi mzigo) tatu kwa kila kituo, namba za simu za wapokeaji wote, na namba yako. Piga simu kwa mpokeaji siku mbili kabla, na tena asubuhi ya safari. Mwalimu mkuu akiwa semina mkoani, ni bora ujue ukiwa bado ghalani.

Makabidhiano

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii. Serikali hailipi kwa sababu mzigo ulifika. Inalipa kwa sababu kuna karatasi zinazosema ulifika, ulihesabiwa, ulikaguliwa na ulikubaliwa.

Hizo ni hatua tofauti, na watu huzichanganya. Saini ya mtunza stoo kwenye deliva noti inasema vitu vimeshushwa. Haisemi vimekubaliwa. Kukubali ni kazi ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, inayoteuliwa na Ofisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake. Kamati isipoteuliwa, mzigo wako unaweza kukaa stoo wiki tatu ukiwa umepokelewa na wakati huohuo haujakubaliwa. Kwa hiyo, siku unapothibitisha tarehe ya kupeleka, andika barua kuomba kamati iwe tayari siku hiyo, na nakala iingie kwenye mfumo.

Siku yenyewe, hesabu mbele ya mpokeaji kabla ya lori kuondoka. Kila deliva noti iwe na jina kamili, cheo, tarehe, saini na muhuri. Andika idadi kwa tarakimu na kwa maneno. Ikiwa seti mbili kati ya 60 zimevunjika, mpokeaji aandike "58 zimepokelewa, 2 zimerudishwa", na wewe usaini pia. Usikubali maneno "tutaangalia baadaye" yaachwe hewani. Yaandikwe na tarehe ya kuangalia. Piga picha ya mzigo ukiwa ndani ya stoo na ya deliva noti iliyosainiwa, uitume ofisini kabla dereva hajawasha gari. Karatasi hupotea na kulowa.

Vituo vikiwa vingi, tengeneza jedwali moja: kituo, idadi, tarehe, aliyepokea, namba ya deliva noti, kasoro. Liambatanishe na ankara. Mhasibu wa halmashauri mwenye wazabuni 40 mezani atashughulikia kwanza faili asilolazimika kulifukunyua.

Ankara, malipo na ufuatiliaji

Ankara iandikwe kwa maneno yaleyale ya LPO: jina la taasisi, maelezo ya bidhaa, idadi, bei. Ukiandika "meza ya mwanafunzi" wakati LPO inasema "dawati", umempa mtu sababu ya kulirudisha faili. Ambatanisha LPO, deliva noti zote, ripoti ya kamati, hati ya mapokezi ya stoo na taarifa sahihi za benki. Hakikisha jina la akaunti ni lile la mkataba, kwa maana malipo hupita kwenye mfumo wa malipo wa Serikali uitwao MUSE na kosa dogo la jina huyarudisha.

Fuatilia kwa adabu na kwa maandishi. Uliza faili liko hatua gani: Kitengo cha Ununuzi, ukaguzi wa ndani, uhasibu, au linasubiri fedha kutoka Hazina? Kila jibu lina dawa yake. Likiwa ukaguzi wa ndani, huenda kuna nyaraka inayokosekana na unaweza kuipeleka leo. Likiwa linasubiri fedha, andika barua ya kukumbusha deni, itakayohitajika wakati wa uhakiki.

Atakapotokea mtu wa kukudai "chochote" ili faili lisogee, kataa na ripoti TAKUKURU. Asilimia inayotolewa leo huingizwa kwenye bei ya zabuni ijayo, au hukatwa kwenye unene wa bomba la kiti cha mtoto. Huwezi kusambaza mali bora na kulipa rushwa kwa bei hiyohiyo.

Kama hukuridhika na namna zabuni ilivyoamuliwa, malalamiko huanzia kwa Ofisa Masuuli, kisha Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma (PPAA). Muda ni mfupi na huhesabiwa kwa siku za kazi, kwa hiyo siku unayopata taarifa ya kusudio la tuzo, fungua sheria uangalie tarehe yako ya mwisho kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.

Kufunga mkataba

Malipo yakiingia, kazi bado haijaisha. Chukua cheti cha kodi ya zuio. Omba kwa barua dhamana ya utendaji irejeshwe. Isiporudi, benki itaendelea kukutoza na kushikilia rehani yako. Omba pia barua ya kukamilisha mkataba yenye thamani, tarehe na maelezo ya kazi, maana zabuni nyingi zinazofuata zitakutaka uthibitishe kazi kama hiyo. Mwisho keti na dereva, mtu wa ghala na mhasibu, muweke gharama halisi ya kila kituo pembeni ya ile mliyokisia. Jedwali hilo ndilo mtakaloanzia nalo tangazo lingine litakapotoka katika wilaya hiyohiyo.